Almasi ya Mwanga Mdogo

Almasi ya kale haipendi taa za dukani. Iweke chini ya zile taa nyeupe kali ambazo masonara hupachika darini, ubavuni mwa almasi mpya ya ukubwa uleule, uone. Ile mpya itakurushia cheche nyingi nyeupe, ndogondogo, za harakaharaka. Ya kale itatulia tu. Mnunuzi mwenye pupa ataamua papo hapo, atalipa, ataondoka na ile mpya. Lakini ngoja jua lizame, zima taa, washa mshumaa mmoja mezani, kisha zirudishe zote mbili. Sasa mpya ndiyo imepooza, na ya kale imeamka. Inatoa mimweko michache, mipana, ya polepole, yenye rangi: mwekundu, kisha wa kijani, kisha wa buluu, kila mmoja ukikaa kidogo kabla ya kuzimika, vile kaa la jikoni linavyoiva ukilipulizia na kufifia ukivuta pumzi.

Wafanyabiashara wa almasi huuita mkato wa jiwe kama hilo mkato wa migodi ya kale. Ulitawala karne ya 18 na sehemu kubwa ya karne ya 19, enzi ambazo almasi zilitoka India na baadaye Brazili, kabla mawe ya Afrika Kusini hayajafurika sokoni kuanzia miaka ya 1870. Lisogeze jiwe moja la namna hiyo karibu na jicho. Kiuno chake, yaani mzingo wa pale lilipo pana zaidi, si duara na si mraba. Ni mraba uliolainishwa pembe. Uso bapa wa juu, ambao mafundi huuita meza, ni mdogo. Taji linaloizunguka meza limeinuka. Tumbo limeshuka sana, na pale ambapo ungetarajia ncha, fundi amekata kiuso kidogo bapa. Ukichungulia kutoka juu, kiuso hicho huonekana katikati kabisa ya jiwe mithili ya kitobo. Nyuso zote ni 58 ukihesabu na hicho. Briliani ya duara ya siku hizi nayo ina 57 au 58. Kwa hiyo tofauti haiko kwenye hesabu. Iko kwenye swali ambalo fundi alijiuliza kabla hajagusa jiwe.

Fundi wa kale alijiuliza: niondoe kidogo kiasi gani? Almasi ghafi mara nyingi hutoka ardhini ikiwa na pande nane, piramidi mbili zilizoshikana kwa vitako, naye alilifuata umbo hilo. Kwa kuwa enzi hizo almasi haikukatwa ila kwa almasi, alipachika mawe mawili kwenye vijiti kwa gundi ngumu, akayasugua moja kwa jingine juu ya kisanduku kilichokinga unga. Unga ule haukutupwa. Ulichanganywa na mafuta ya zeituni, ukapakwa kwenye sahani ya chuma inayozunguka, na hapo ndipo nyuso zilipotokezwa, moja baada ya nyingine, katika karakana za Antwerp, Amsterdam na London. Kabla ya kuja farasi, na baada yao mvuke, sahani hizo zilizungushwa kwa nguvu za binadamu, aghalabu za wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kipimo kilikuwa jicho. Ndiyo maana huwezi kupata mawe mawili ya mkato huo yaliyo sawasawa. Hili lina bega nene upande mmoja. Lile kitobo chake kimehama kidogo kutoka katikati.

Mimi naona adabu katika kazi hiyo. Fundi hakuja na umbo kichwani akalilazimisha jiwe lijikunje liingie. Alilitazama kwanza, akajua limeumbwaje na lina ukaidi upande gani, kisha akafanya kazi yake ndani ya mpaka huo. Hakuwa mtakatifu, tusidanganyane. Almasi huuzwa kwa uzito, na kila chembe iliyogeuka unga ilikuwa fedha iliyopotea. Lakini Mola ana njia zake za kuficha somo ndani ya tamaa ya mtu, na somo lililomo humu nimelikalia kwa muda mrefu bila kulimaliza.

Mwaka 1919 kijana mmoja, Marcel Tolkowsky, wa ukoo wa wakata almasi wa Antwerp, aliyekuwa mwanafunzi wa uhandisi London, alichapisha kitabu kidogo kilichobadilisha mambo. Alikokotoa jinsi mwanga unavyoingia ndani ya almasi, unavyopinda na unavyogonga kuta zake, akapata pembe zinazourudisha juu kwa wingi bila kuua rangi zake: nyuzi 34.5 kwa taji, nyuzi 40.75 kwa tumbo. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ni hesabu nzuri, na mng'aro wake umefurahisha watu wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu. Ila ina bei. Ili jiwe ghafi lifikie umbo hilo la duara, mara nyingi nusu yake au zaidi huishia kuwa unga. Na kile kitobo cha chini kikazibwa, kwa sababu mwanga ulikuwa ukivujia hapo, na kwa mhandisi mwanga uliovuja ni hasara.

Hapo ndipo ninapojitenga na mhandisi. Kitobo kile nakipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya jiwe. Ni mahali ambapo almasi imekubali kutorudisha kila kitu ilichopewa. Nimewajua watu wa namna zote mbili: wale ambao ukiwapa mwanga wanakurudishia wote usoni, mpaka unafumba macho, na wale ambao sehemu ya ulichowapa inazama ndani yao, inapita, inakwenda usikokujua. Kukaa na hao wa kwanza kunafurahisha karamuni. Hao wa pili ndio unaoweza kuzeeka nao.

Mpwa wangu aishiye London alinipigia simu akiwa ametoka Hatton Garden, mtaa wa masonara. Alitaka pete ya uchumba, na duka moja lilimpa mawe mawili achague.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umepata?"

"Nimekwama. Bei zinakaribiana. Hii mpya inang'aa mno. Hiyo nyingine ya zamani, eti ya mwaka 1860 na kitu, nzuri, lakini mbona kama imelala?"

"Uliitazama saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Dukani."

"Basi hujaiona."

Akacheka, akadhani namtania. Hata hivyo, mimi mtu wa pwani sina mamlaka makubwa juu ya almasi. Wakati wetu posa ilipelekwa kwa barua na mshenga, wazee wakakaa, mahari yakatajwa, na pete, kama ilikuwapo, ilikuwa dhahabu tupu. Lakini kijana amekulia huko, na binti anayemwoa amekulia huko, na kwao bila jiwe maneno hayajakamilika. Sikuona sababu ya kumzuia. Nilimsimulia tu habari za almasi ya Koh-i-Noor.

Mwaka 1849 Waingereza waliiteka Punjab, na kwa mkataba uliofungwa Lahore, Maharaja Duleep Singh, mtoto wa miaka 10, akasalimisha jiwe hilo kwa Malkia Victoria. Lilikuwa limekatwa Kihindi. Mafundi wa huko walijali ukubwa na uzito wa jiwe kuliko kumeta kwake, wakaliacha na karati 186 hivi. Mwaka 1851 likawekwa kwenye Maonyesho Makuu ya London, ndani ya jumba la vioo lililojengwa Hyde Park, na umati ukafurika kulitazama. Wakavunjika moyo. Hili tu? Mbona halimeti? Wenye maonyesho wakajaribu kulizungushia taa za gesi na vioo, wapi. Jiwe lililoumbiwa mwanga mwingine, na macho ya watu wengine, lilikuwa limesimamishwa katikati ya jumba la kioo, mchana, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Hakuna aliyesema: huenda jiwe halikuumbiwa taa zetu. Walisema jiwe ndilo lenye kasoro. Mume wa Malkia, Prince Albert, akaagiza likatwe upya. Mafundi wakaletwa kutoka Amsterdam, mashine ya mvuke ikafungwa, na mwezi Julai 1852 Duke wa Wellington, mzee wa miaka 83, akapewa heshima ya kuliweka jiwe kwenye sahani kwa mara ya kwanza. Kazi ilichukua siku 38. Ilipokwisha, jiwe lilimeta. Lilikuwa na karati 105.6. Zaidi ya theluthi moja yake ilikuwa imesagika ikawa unga, na yule mzee aliyefungua kazi akafariki Septemba mwaka huohuo.

Kila nikiirudia habari hii, sifikirii Waingereza. Nafikiria meza za chakula, vyumba vya kulala, maneno madogo ambayo wanandoa huambiana. Mbona hucheki kama fulani? Mbona mbele za watu unaninyamazia? Tunamsimamisha mtu chini ya taa tuliyoichagua sisi, tunamkuta hameti, halafu tunaanza kumsugua. Naye husikia, maskini, hukubali, maana anakupenda. Baada ya miaka anameta kweli. Ukimpima, hayupo wote.

Na ndoa yenyewe, tuseme kweli, huishi zaidi kwenye mwanga mdogo. Siku ya harusi ina taa zake, picha zina taa zake. Baada ya hapo ni saa tisa usiku mtoto ana homa, umeme umekatika, mmoja anashika tochi ya simu na mwingine anapima dawa kwenye kijiko. Ni alfajiri kabla ya kazi, hakuna aliyepiga mswaki. Ni chumba cha hospitali chenye taa moja ya ukutani. Uso wa mwenzako utauona hapo mara nyingi kuliko ukumbini. Watu waliokata mawe yale ya kale waliishi kwa mishumaa na taa za mafuta, na waliwakatia wenzao waishio hivyohivyo. Walijua jiwe litatazamwa lini.

Lakini sitaki kulifanya jiwe la kale liwe takatifu kuliko lilivyo. Watu husema wanachagua almasi ya zamani kwa sababu haina dhambi: hakuna shimo jipya linalochimbwa kwa ajili yake, hakuna vita inayolipiwa nayo. Ni kweli kwamba haihitaji shimo jipya. Lile la kwanza je? Almasi nyingi za karne ya 18, baada ya Brazili kugundua zake katika miaka ya 1720, ziliokotwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Msafiri wa Kiingereza John Mawe alifika kwenye machimbo ya Mto Jequitinhonha, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1812 akaeleza alichokiona. Watumwa walisimama kwa safu wakiosha changarawe, wasimamizi wameketi juu ya viti virefu wakiwaangalia. Aliyeona almasi alisimama wima, akapiga makofi, kisha akanyoosha mikono huku amelishika jiwe kati ya kidole cha shahada na gumba, hadi msimamizi alipolichukua. Na kama jiwe lilifikia karati 17 na nusu, aliyelipata alivikwa taji la maua, akapelekwa kwa maandamano mbele ya mkuu wa machimbo, bwana wake akalipwa thamani yake, naye akawa huru.

Makofi yale huwa nayasikia. Ni makofi ya nini hasa? Ya furaha hayakuwa. Yalikuwa ya kuonyesha kwamba viganja havijaficha kitu. Mawe mengi waliyoyapata yalikuwa madogo, ya karati moja, nusu karati, yaani yale yale ambayo leo hutosha pete ya uchumba. Jiwe dogo halikumkomboa mtu. Kwa hiyo ukivaa almasi ya kale ya karati moja, kuna uwezekano umevaa siku ambayo mtu alitazama kiganjani mwake, akaona uzito hautoshi, akapiga makofi, akainama tena majini.

Je, ni sababu ya kuliacha jiwe? Nimelifikiria, na jibu langu ni hapana, mradi anayelivaa alijue. Kuna vitu hatuwezi kuvitakasa kwa kuvikwepa. Mtu anayeanza maisha mapya akiwa amevaa kidoleni kumbukumbu ya jasho lisilolipwa, na akajua hivyo, ana jambo la kuliombea kila anaposhika udhu au kila anapofumba mikono kusali. Ni bora kuliko kuvaa kitu unachodhani hakina historia. Hakuna kitu hicho duniani.

Halafu lipo neno milele, ambalo wauzaji hawachoki nalo. Kaulimbiu ya kwamba almasi ni ya milele iliandikwa Marekani mwaka 1947 na mwandishi wa matangazo, Frances Gerety, kwa ajili ya kampuni ya De Beers. Mwenyewe hakuolewa maisha yake yote. Mwaka huohuo wa 1947, Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi wa John Williamson, ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, ikapelekwa kuwa zawadi ya harusi ya Princess Elizabeth. Ilipokatwa London zilibaki karati 23.6. Kizuri chajiuza, wanasema wazee, lakini almasi haikuachiwa ijiuze hata siku moja.

Milele gani? Mwaka 1772 Antoine Lavoisier aliziweka almasi ndani ya chombo cha kioo, akazimulikia jua kwa lenzi kubwa, nazo zikaungua zikatoweka. Mwaka 1797 Smithson Tennant akathibitisha kwamba almasi na mkaa ni kitu kimoja kwa asili yake. Kilichotofautisha ni kina na mgandamizo, kilomita 150 chini ya ardhi na zaidi, na muda ambao akili haiushiki, zaidi ya miaka bilioni moja kwa mawe mengi. Nyumba ikiungua vibaya, almasi nayo inaweza kuharibika. Hili halinihuzunishi. Milele ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na jiwe linaloweza kuungua ni shahidi mwaminifu zaidi wa ahadi ya wanadamu wawili kuliko jiwe lisiloweza. Ahadi ambayo haiwezi kuvunjika haina haja ya kutunzwa.

Mpwa wangu alitaka maneno ya kumsaidia, si mahubiri, kwa hiyo haya ndiyo niliyomwambia, na ndiyo nitakayomwambia yeyote. Omba jiwe ulitazame jioni, dirishani, na mbali na taa za darini; duka lisilokubali, liache. Usitishwe na rangi. Mawe ya kale mengi yana unjano wa mbali, na kwenye ngazi ya herufi iliyoanzishwa na taasisi ya GIA ya Marekani mwaka 1953, inayoanzia D kwa jiwe lisilo na rangi hadi Z, huangukia katikati. Kwenye dhahabu ya njano hilo halionekani, au likionekana linapendeza. Kagua kiuno kwa kioo cha sonara, maana miaka 150 ya kugongwagongwa huacha mapengo. Kagua kucha za dhahabu zinazoshika jiwe, maana dhahabu huliwa kabla ya almasi. Uliza kama ni la kale kweli au limekatwa juzi kwa mtindo wa kale. Yote mawili yapo sokoni, si haramu, ila bei na habari zake si moja.

Na ukipewa cheti cha GIA, utaona jambo. Briliani ya duara ya kisasa hupewa daraja la mkato: bora kabisa, nzuri sana, na kuendelea kushuka. Jiwe la migodi ya kale halipewi. Wataandika uzito, vipimo, rangi na usafi wake, ila kwenye mkato hakuna alama. Hakuna ngazi ya kulipandisha wala kulishusha. Wapo wanunuzi wanaoliogopa pengo hilo, wakidhani linaficha ubaya. Mimi nililisoma nikashusha pumzi.

Alinunua lile la kale. Uamuzi ni wake, na siwezi kuapa kwamba ndoa yake itafuata pete yake. Ninachokiomba kwake, na kwako uliyerithi jiwe la namna hiyo kwa bibi au utakayelinunua, ni kimoja tu. Siku moja fundi atalishika, atalizungusha, atakuambia kwamba likikatwa upya litang'aa mara mbili, na huenda anasema kweli. Badilisha pete ukitaka, kaza kucha, safisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Jiwe usimruhusu alikate. Kinachoondolewa kwenye almasi hakirudishwi na fundi yeyote.